Tuta la Nyapara Ndunda

Kwa miaka kumi na minne mama mkwe wangu na mimi hatujawahi kutazamana usoni, na tunaheshimiana kuliko watu wengi wanaokula sahani moja. Nikimwona anakuja njiani, naingia shambani mwa watu na kujifanya nakagua mahindi. Yeye akiniona kwanza, hujifunika leso na kugeukia mikahawa. Jina lake silitamki, na hapa pia siliandiki. Sisi Wakamba jambo hili tunaliita nthoni. Ni haya na ni heshima, ukuta usio na matofali kati ya mwanamume na mama aliyemzalia mke. Wenzangu wa Nairobi husema ni ushamba. Waache waseme. Mama wakwe zao huwapigia simu alfajiri kuuliza kama wamelipa karo.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa langu lilipitia kwenye ukuta huo huo.

Mimi ni Nzau. Nafanya kazi katika Kituo cha Historia na Urithi cha chuo kikuu kimoja hapa Machakos mjini: vyumba vitatu nyuma ya maktaba, kimoja kinavuja. Kazi yangu ni kuwapelekea watu historia yao. Naongea redioni kwa Kikamba, napokea watoto wa shule, na kila mwezi naongoza matembezi hadi vilima vya Kangundo kuonyesha matuta yaliyochimbwa zamani za mkoloni. Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa kitini dakika kumi magoti huanza kucheza yenyewe, na mke wangu Mwelu husema angejua mapema angeolewa na cherehani, angalau ingeshona kitu. Kituo kilinifaa kwa sababu kilinilipa nitembee.

Mwaka huu mkurugenzi wetu, Daktari Peris, aliamua tufanye maonyesho makubwa kuhusu namna watu wa huku walivyouokoa udongo wao usiende na maji. Alitaka wananchi waje, mama wa soko na mzee wa kanisa, si maprofesa kuja kupongezana. Na mimi nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine pale kituoni alikuwa nacho. Babu yangu Ndunda alikuwa nyapara wa matuta miaka ya hamsini. Baba yangu, Mzee Mutunga, alitukabidhi picha yake amevaa kofia ya kaki, pamoja na fimbo yake ya kupimia, ndefu futi kumi na mbili, imechomwa alama kwa chuma cha moto kila futi. Maelezo ya chini ya picha niliyaandika mwenyewe: "Ndunda aliwaongoza watu wake kuutetea udongo." Hilo neno kuutetea nililipenda sana. Nililisoma kwa sauti mara tatu, nikamsomea na bawabu.

Tuta lake lililo bora kuliko yote bado lipo kwenye shamba la baba. Mvua zote zilizobomoa vilima vya jirani hazikulibomoa hilo. Sisi kituoni tunaliita tuta la mfano, na ndipo matembezi yangu hukomea. Watoto wa shule hupanda juu yake, wanapiga picha, nami nahubiri.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, Daktari Peris alisikiliza sauti zote tulizokuwa tumerekodi. Wazee kumi na mmoja. Alipomaliza alivua miwani.

"Nzau, hawa wote ni wanaume."

"Ndio waliobaki, daktari."

"Na nani alichimba? Susu yangu, aliyemzaa mama, alienda kaburini mgongo umepinda, na hakuwa nyapara. Niletee mama mmoja aliyechimba. Mmoja tu. Haiwezekani tufungue hii kitu wanawake wakiwa kwa picha peke yake."

Nilizunguka siku tano. Mumbuni, ninakoishi, niliambiwa mama niliyemtafuta alizikwa mwezi wa tano. Nilifika hadi Kithyoko, karibu na Mto Tana, kwa bibi mmoja aliyenikumbatia akilia akidhani mimi ni mwanawe aliyepotea. Nilikaa naye saa mbili nikiwa mwanawe kwa sababu sikuwa na moyo wa kukataa, na sikurekodi chochote. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, hasa na wafu, kwa kutonisubiri.

"Mwaitu alichimba," Mwelu akaniambia. Alikuwa anachagua mchele kwenye uteo, na mwaitu ni mama, mama yake. "Alikuwa mtoto, lakini alichimba. Shida ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umenioa."

Ilikuwa kweli. Mbele yangu mama hangefungua mdomo. Na mgeni mwenye mashine hangepita hata lango, angeambiwa mbuzi wamefunguka arudi siku nyingine. Tukapanga hivi: Mwelu aingie na maiki, akae na mama yake sebuleni, aulize maswali niliyomwandikia. Mimi nibaki kwenye jiko la nje, ambako mkwe hukaa akitembelea, nikiwa na mashine na hedifoni. Lazima mtu asikilize wakati wa kurekodi, la sivyo upepo na kuku vinaharibu kila kitu. Waya ulikuwa mrefu. Ulitoka sebuleni, ukapita chini ya mlango, ukavuka uani hadi kwangu.

Nilijiona mjanja kupindukia. Hatutaonana, nilijiambia, na sauti haina uso. Hakuna aliyemwambia mama kwamba niko mwisho wa waya. Hatukumdanganya. Tulinyamaza tu, na kunyamaza ni kudanganya kulikovaa nguo za kanisani.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake Kangundo. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, moshi ukinitoa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikasikia sauti ya mama mkwe wangu kwa karibu. Ilikuwa nyembamba na haikuwa na haraka. Alisema walikuwa wanachimba siku mbili kila wiki, na udongo ulikuwa unarushwa upande wa juu, ndiyo maana kazi ile iliitwa fanya juu. Alisema kila mwanamke alipewa fimbo moja kwa siku, futi kumi na mbili, na asiyemaliza alirudi kesho bila kuhesabiwa. Yeye alikuwa na miaka saba na alimfuata mama yake kubeba maji. Nilitikisa kichwa kwa furaha. Nilikuwa tayari naona mahali pa kukata na kuunganisha.

Halafu akasema: "Siku ile mwaitu alikuwa na mimba kubwa."

 Mwelu hakuwa na swali la hapo, mimi sikumwandikia.

"Mtoto alikuja kabla jua kusimama. Pale pale kwa kipande chake, kwa lile tuta la watoto wa shule. Alilia mara moja, basi. Wanawake walimfunika na leso. Nyapara akakuja na fimbo yake, akasimama. Akasema Bwana Shamba anafika saa nane kukagua, hawezi pata kipande cha mtu kikiwa wazi. Mwaitu hakuweza kusimama. Mimi nikachukua jembe. Nikachimba shimo hapo chini ya tuta, mimi na shangazi, tukamweka ndani. Tukarudisha udongo. Sasa nyapara akalaza fimbo, akapima. Akapima na hilo shimo. Akasema, hizo ni futi mbili, zimebaki kumi."

Kuku alipita mbele yangu. Sikumfukuza.

"Tulimaliza hizo kumi. Na mpaka wa leo, mwanangu, sijui. Sijui alikuwa anatuhurumia ama alikuwa anatudharau. Alitupunguzia futi mbili."

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha: "Na hayo usimwambie bwanako. Huyo nyapara ni wa nyumba yake. Si vizuri mtu kuharibu nyumba ya wakwe."

Mwelu alipotoka alinikuta nimesimama katikati ya jiko, hedifoni bado masikioni. Alianza kukunja waya kwenye kiganja na kiwiko, polepole, kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe aliyekufa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi hujasikia," akasema. Akautia waya begini, tukarudi Mumbuni.

Siku zilizofuata sikukaa mahali. Nilichukua sauti ile nikaiweka kwenye fleshi, nikaifuta kwenye kompyuta ya kituo, kisha nikairudisha kwa kuogopa fleshi ikipotea, kisha nikaifuta tena. Nilipanda ngazi za maktaba na kushuka bila kitabu. Daktari Peris aliniuliza mama amepatikana, nikamwambia amepatikana ila upepo umeharibu. "Nipatie hivyo hivyo," akasema. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Nilikuwa na aibu ya aina mbili. Ya kwanza, nilikuwa nimeiba maneno ya mama mkwe kupitia chini ya mlango. Ya pili ilikuwa ukutani, imevaa kofia ya kaki, na chini yake neno langu kuutetea limechapishwa kwa herufi kubwa. Na ndani ya aibu hizo mbili kulikuwa na hasira, maana nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mtoto mara ngapi? Nilihesabu. Miezi ishirini na sita, na baadhi ya miezi mara mbili.

Alhamisi baba alikuja kuona picha kabla ya watu kuja. Baba ana miaka sabini na sita na huingia ofisini kwa watu kama anayeingia kanisani, kofia mkononi. Alitoa leso mfukoni akapangusa kioo cha picha, ingawa kilikuwa safi.

"Mzee hakuwahi kupoteza kiganja cha udongo," aliniambia. "Mtaniruhusu niseme hivyo siku hiyo?"

"Umeandikwa kwa programu, nau." Nau ndivyo tunavyomwita baba.

"Nitasema kidogo. Sitaki kujisifu."

Alikuwa amenunua tai. Alinionyesha, ya rangi ya kahawia, bado iko ndani ya karatasi. Nilitaka kumwambia pale pale nimalize, na mdomo ukafunguka, lakini kilichotoka ni kumuuliza kama ng'ombe amezaa. Nilimsindikiza hadi stendi. Nilirudi nikaingia chumba kinachovuja, nikafunga mlango, na nikapiga teke ndoo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Wangu ulianza na ndoo.

Ijumaa nilikwenda Kangundo peke yangu. Sikumwambia Mwelu. Nilifika lango la mama mkwe nikakohoa kwa nguvu, kama desturi, ili ajue mkwe yupo na apate nafasi ya kujisitiri. Nilisikia mlango wa jiko la nje ukifungwa. Nikaenda upande wa nyuma wa lile jiko, nikakaa chini kwenye majani, mgongo wangu kwenye ukuta wa matope. Yeye alikuwa upande wa pili. Hivyo inaruhusiwa, kukiwa na haja kubwa na ukuta katikati.

"Mama," nikasema. "Siku ile mlipokuwa mnaongea na Mwelu, nilikuwa nasikiza. Kwa mashine. Nilisikia yote. Nimekosa."

Alichochea moto. Nilisikia kuni zikisukumwa. Mimi ambaye siwezi kukaa dakika kumi nilikaa, na jasho likinitoka katikati ya mabega.

"Kwani unafikiri sikuona kamba ikipita chini ya mlango wangu?" akasema.

Niling'oa jani moja kando ya mguu.

"Niliangalia hiyo kamba nikajua iko na mtu mwisho. Kama ningetaka usisikie, ningeongea Jumapili mkiwa kanisa."

"Lakini ulimwambia Mwelu asiniambie."

"Na hakukuambia. Angekuambia yeye, angekuwa ameharibu nyumba yake. Ningekuambia mimi, ningekuwa nimekosa nthoni. Sasa hakuna mtu amekuambia. Umesikia tu."

Nilicheka, au kitu kilitoka kifuani kinachofanana na kicheko. Nilikuwa nimejiita mjanja wiki nzima. Huyu mama hajawahi kufika darasa la nne na alikuwa amepitisha maneno yake katika tundu ambalo mimi sikujua lipo, bila kuvunja hata kijiti kimoja cha heshima.

"Kwa nini sasa, mama? Miaka yote hii."

"Kwa sababu ya wale watoto unaleta." Sauti yake ilisogea karibu na ukuta. "Mwezi wa saba walikuwa wanaruka ruka juu ya yule mtoto. Mmoja akakaa hapo hapo akala mkate. Mimi niko kwa kahawa yangu naangalia. Mwaitu alikuwa akipita hapo anapita upande wa juu, mpaka akafa. Mimi napita juu. Sasa umeleta watu wote wa Machakos wanapita chini."

"Unataka tufanye nini?"

"Mpite juu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Hayo mengine, ya kusema na kutosema, ni ya nyumba yenu. Lakini hilo shamba ni la babako, si lako. Huwezi kuhamisha njia kwa shamba la mtu bila yeye kujua. Mpelekee hiyo mashine asikie. Yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nilitaka kumshukuru nikaona neno asante ni jepesi mno. Nikakohoa tena, ndivyo mkwe huaga, nikaondoka.

Shamba la baba limepakana na lake, ng'ambo ya kijito. Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza anaviringisha tai shingoni na kuifungua, anajifunza fundo. Sikumpa salamu za kutosha. Nilimwambia kuna mama amerekodiwa, anamtaja babu, na ametaka yeye asikie kwanza. Nilimvalisha hedifoni juu ya masikio yake makubwa na nikabonyeza. Kisha sikujua niende wapi na mwili wangu. Nilizunguka nyumba. Niliangalia tanki la maji. Nilirudi nikamwona bado amekaa, tai haijafungwa, macho kwenye sakafu. Nilijua ni wapi amefika kwa sababu mkono wake uliokuwa gotini ulikunjika.

Alivua hedifoni akaniwekea mkononi.

"Hiyo ni sauti ya mama Wambua," akasema. Wambua ni kifungua mimba wa mama mkwe, kaka mkubwa wa Mwelu.

"Ni yeye."

"Chukua hii kitu yako."

"Nau, anataka tu—"

"Nimesikia anataka nini." Aliinuka. "Acha nilishe ng'ombe."

Nilimngoja saa nzima. Alilisha ng'ombe, akafagia zizi ambalo halikuwa chafu, akaingia shambani kwa upande wa migomba na hakurudi. Niliendesha gari hadi Mumbuni nikiwa nimeshika usukani kama ndoo iliyojaa. Nilimwambia Mwelu yote. Alilia kidogo kwa ajili ya mama yake, kidogo kwa ajili ya baba yangu, kisha akanigombeza kwa kwenda bila yeye, na hilo lilinipa nafuu zaidi ya kitu chochote wiki ile.

Jumamosi asubuhi hema lilikuwa limewekwa, kwaya inapasha sauti, na mimi nilikwenda kwa Daktari Peris nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Upepo, uongo, waya, babu. Alinisikiliza huku akibana kalamu.

"Nzau, uliwekea mkweo maiki ukakaa jikoni kwake?" Yeye pia ni Mkamba. Alionekana hajui aanze na kosa lipi. "Mungu wangu. Sawa. Hiyo sauti amekubali itumike?"

"Amesema baba asikie kwanza. Baba amesikia. Hajasema kitu."

"Basi haitumiki leo." Alitoka nyuma ya meza, akaenda hadi ukutani, na kwa kucha zake akabandua maelezo yangu chini ya picha ya babu. Karatasi ilitoka vipande vipande. "Picha ibaki. Haya maneno hapana."

Ufunguzi ulikuwa mzuri kwa watu wote isipokuwa mimi. Walikuja mama wa soko, walikuja wazee wa kanisa, ukumbi ukajaa hadi watu wakachungulia madirishani. Kiti cha baba mstari wa mbele kilibaki kitupu. Jina lake likaitwa kwenye programu na msimamizi akaruka haraka hadi kwa kwaya. Nilisimama nyuma, nikatoka nje, nikaingia tena, nikatoka. Nilipiga simu yake mara nane, ikaita bila kupokelewa. Nilianza kufikiria mambo ya kijinga: kwamba ameanguka zizini, kwamba hatanisemesha tena, kwamba mama mkwe atajiona ndiye aliyemuua. Mwelu alinishika kola. "Kaa," akasema. Nilikaa, nikainuka.

Saa nane mchana mabasi mawili ya chuo yalitupeleka Kangundo kwa matembezi. Watu wapata tisini walishuka, wenye miamvuli, wenye simu juu, watoto kadhaa wa shule na mwalimu wao. Nilikuwa nimeamua nitawapitisha juu, baba aseme asiseme, na wakiniuliza sababu nitawaambia kuna utelezi. Nilijidharau kwa hilo utelezi huku nikiliandaa.

Tulipopanda mteremko wa mwisho nilimwona. Baba alikuwa amesimama juu ya tuta lake, amevaa suti na ile tai, fundo limekaa upande. Alikuwa amekata majani ya mgomba na kuyalaza kufunga njia ya chini. Upande wa juu alikuwa amelima njia mpya kwa jembe, nyembamba, udongo bado mbichi. Ilikuwa na urefu wa hatua thelathini hivi. Mzee wa miaka sabini na sita alikuwa amefanya hiyo kazi tangu jana, na mimi nilikuwa nimemngoja kwenye kibaraza.

"Hapa tunapita juu," aliwaambia watu.

Mwalimu wa shule aliuliza kwa adabu kwa nini, maana mwezi wa saba walipita chini. Watu wakanitazama mimi, mwenye kazi ya kueleza. Nilifungua mdomo. Baba aliinua mkono.

"Wacha nijibu. Huyu mnayeona kwa picha kule chuoni ni baba yangu. Nilikuwa nije kuwaambia hakupoteza udongo. Ni kweli, hakupoteza." Alivuta pumzi. "Tukipita hapa na yeye, nikiwa mdogo, alikuwa anaruka. Hapo." Alionyesha kwa kidole mahali kwenye nyasi, pasipo na alama yoyote. "Kila siku. Nikamuuliza, akasema ni shimo la nyoka. Nikaruka pia. Mimi nimeruka hapo maisha yangu yote, hata baada ya yeye kufa. Hata huyu," akanigeukia, "nilimfundisha kuruka. Aliacha akienda chuo kikuu."

Nilikumbuka. Mikono yake chini ya makwapa yangu, kunyanyuliwa, miguu ikielea, na sauti yake ikisema ruka, nyoka. Nilikuwa na miaka minne au mitano. Baadaye nilisomea historia kwa miaka sita, nikarudi mahali pale na cheti, na nikapakanyaga. Uso ulinichoma mbele ya watu tisini na sikuuficha.

"Jana nimejua hakuna nyoka," baba akasema. "Hapo kuna mtoto amezikwa. Alizaliwa hapa siku ya kuchimba, na baba yangu akapima kaburi lake na fimbo akalihesabu kama kazi. Mimi sijui alifanya hivyo na roho gani. Lakini alikuwa anaruka."

Hakuna aliyepiga picha. Daktari Peris alikuwa amefunga mwamvuli wake. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya mikahawa, mama mkwe wangu alikuwa amesimama, leso imefunika uso kwa sababu yangu. Niligeuka nikampa mgongo, kama inavyonipasa, nikabaki kumwona baba peke yake.

Baba alivua kofia. Alitembea kwa njia yake mpya hadi mpakani, akasimama hapo ambapo shamba letu linaishia.

"Mama Wambua," akasema. "Sisi tumekuwa wakwe miaka kumi na minne, na majirani tangu kuzaliwa. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliwahi kukuuliza. Alikuwa mvulana ama msichana?"

Nilisikia majani ya kahawa yakisogezwa.

"Msichana," akasema. "Alikuwa na nywele mingi."